Gridi Inatuhitaji, Nasi Tudai Fungu Letu

Mazungumzo ya leo yanahusu umeme: unalindwaje usizimike, na sisi tuliohamia Louisville, Columbus na Buffalo tuna nafasi gani katika kazi hiyo. Niseme mapema ninachoamini. Gridi ya umeme ya Marekani imefika mahali ambapo inahitaji msaada wa nyumba za kawaida, zikiwemo nyumba zetu, na msaada huo una thamani ya fedha. Basi tuutoe kwa hiari, tuutoe kwa kuelewa, na tulipwe.

Tuanze na yaliyotupata. Mwaka 2022 peke yake miji yetu mitatu ilikosa umeme, na kila mmoja kwa sababu yake.

Columbus ndiyo iliyotangulia. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Juni dhoruba ya upepo mkali ilipita Ohio, ikaangusha miti na nguzo, na baadhi ya laini kubwa za kusafirishia umeme zikatoka kazini. Kulipokucha likaja joto la nyuzi tisini na kitu za Farenhaiti. Kila mwenye kiyoyozi alikiwasha, na laini zilizosalia zikaanza kubeba mzigo unaozizidi. PJM, chombo kinachoongoza gridi ya umeme katika majimbo 13 pamoja na jiji la Washington, kikaagiza mzigo upunguzwe haraka ili laini hizo zisiharibike. Kampuni ya AEP Ohio ikazima mitaa mizima kwa makusudi. Hapakuwa na muda wa kuwaarifu watu, sembuse kuwauliza. Mama mwenye mtoto mchanga, mzee wa presha, mgonjwa anayetegemea mashine, wote walijikuta katika joto lile bila hata feni. Malalamiko yalifika hadi kwenye tume ya serikali ya jimbo, na swali lililoulizwa kwa uchungu zaidi lilikuwa hili: kwa nini mtaa huu na si ule?

Miezi sita baadaye ikawa zamu ya Louisville. Tarehe 23 Desemba baridi kali iliyopewa jina la Elliott ilishuka ghafla juu ya nusu ya nchi. Mashine za kupasha nyumba joto zilifanya kazi bila kupumzika, na wakati huo huo shinikizo la gesi katika bomba linalolisha baadhi ya mitambo ya umeme ya Kentucky likaanguka. Mitambo ikashindwa kutoa kiasi chake cha kawaida. Jioni ile kampuni za LG&E na KU zikalazimika kugawa umeme kwa zamu, na zaidi ya wateja 50,000 wakakatiwa kwa muda. Jirani yao TVA, shirika la umeme lililoanzishwa mwaka 1933, nalo likafanya mgao kwa mara ya kwanza katika historia yake. Wachunguzi wa serikali kuu walipokamilisha hesabu, walikuta kwamba katika gridi ya mashariki mwa nchi zaidi ya megawati 5,400 za matumizi zilikatwa kwa amri. Gridi hiyo haikuwahi kukata kiasi kikubwa namna hiyo.

Siku hiyo hiyo ya tarehe 23 Desemba, dhoruba hiyo hiyo iliifikia Buffalo. Huko umeme ulikuwepo mitamboni, ila haukuweza kufika. Theluji na barafu viliziba vituo vya kupoozea umeme, upepo ukavunja nguzo, na mafundi hawakuweza kupita barabarani. Nyumba nyingi zilikaa gizani na baridini siku baada ya siku. Zaidi ya watu 40 walipoteza maisha katika Kaunti ya Erie, wengine barabarani, wengine ndani ya nyumba zao. Waliobaki Buffalo wanaijua Krismasi ile, na Mungu awarehemu waliotutoka.

Kwa hiyo tuna magonjwa matatu. Louisville umeme ulipungua kwenye chanzo. Columbus umeme ulikuwepo, njia ikawa nyembamba. Buffalo njia yenyewe ilikatika. Naomba uyashike matatu haya, msikilizaji, kwa sababu dawa ninayoizungumzia leo, ule msaada wa nyumba zetu, haitibu yote matatu kwa nguvu moja, na anayekuambia inatibu yote anakudanganya.

Sasa, gridi inasimamaje? Umeme unaotoka kwenye soketi yako umezalishwa sekunde hii hii unayoutumia. Kila wakati kiasi kinachozalishwa lazima kilingane na kiasi kinachotumika. Mitambo mikubwa yote iliyounganishwa mashariki mwa Marekani, kuanzia Buffalo kupita Columbus na Louisville hadi Florida, huenda kwa mapigo mamoja, mizunguko 60 kwa sekunde. Kwetu Afrika Mashariki ni 50. Watu wakiwasha vitu vingi kuliko umeme uliopo, mapigo yale hupungua. Yakipungua mno, mitambo hujizima yenyewe ili isivunjike, na mmoja ukijizima unauachia mzigo wake mwingine, nao unazidiwa. Hivyo ndivyo nchi nzima inavyoingia gizani kwa dakika chache.

Mifano mikubwa ya jambo hilo imetoka jirani kabisa na sisi. Tarehe 9 Novemba 1965, kifaa kimoja cha kinga katika kituo cha Sir Adam Beck, upande wa Kanada wa Mto Niagara, kilikata laini moja, na watu wapatao milioni 30 wakakosa umeme hadi jiji la New York. Tarehe 14 Agosti 2003, huko kaskazini mwa Ohio laini ziliguswa na matawi ya miti ambayo hayakupunguzwa, na watu wapatao milioni 50 wa Marekani na Kanada wakalala gizani. Huko nyumbani nako, Wakenya mnakumbuka usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, gridi ilipoanguka na hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaingia kiza. Na wakati mwingine waya mmoja hutosha: Wazanzibari hawajasahau ile miezi mitatu, kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa chini ya bahari ulipoharibika na kisiwa cha Unguja kikakaa bila umeme wa gridi. Gridi ni kitu chenye nguvu, na wakati huo huo ni kitu dhaifu.

Kwa karne nzima, kila matumizi yalipopanda, jibu la kampuni za umeme lilikuwa moja: tujenge mtambo mwingine. Ndiyo maana nchini humu kuna mitambo ya gesi inayowashwa kwa saa chache tu za mwaka, zile saa za joto kali au baridi kali ambapo kila mtu anataka umeme kwa pamoja. Mwaka mzima imelala, na mwaka mzima sisi wateja tunailipia katika bili. Pamoja na mitambo kunatakiwa laini nene zaidi na transfoma kubwa zaidi, vyote kwa ajili ya saa hizo chache.

Lipo jibu la pili. Badala ya kupandisha uzalishaji kila mara, tunaweza kuyapinda matumizi kidogo kwa saa hizo chache, kisha tukayaachia. Watu wa Buffalo mna mfano mkongwe jirani yenu. Pale Lewiston, karibu na maporomoko ya Niagara, tangu mwaka 1961 kuna mashine zinazopandisha maji bwawani usiku, watu wamelala na umeme ni mwingi. Mchana matumizi yakipanda, maji yale huachiwa yakateremka na kuzalisha umeme. Usiku unaukopesha mchana. Wazo ni lile lile. Jipya la leo ni kwamba kazi iliyohitaji bwawa zima sasa inaweza kugawanywa kwa nyumba elfu kumi, kila moja ikitoa kipande chake.

Tuingie ndani ya nyumba moja tuone. Chukua nyumba ya Louisville, mwezi wa Julai, saa kumi na moja jioni. Nje, ubavuni mwa ukuta, kuna ile mashine ya AC inayonguruma. Kwa miaka mingi LG&E ilikuwa na mpango ulioitwa Demand Conservation: fundi anakuja na kufunga kiboksi kidogo kwenye mashine hiyo. Gridi ikielemewa, kampuni inatuma ishara, kiboksi kinaipumzisha kompresa kwa dakika kadhaa, kisha kinaiachia iendelee. Feni ya ndani haizimwi, hewa inaendelea kuzunguka. Aliyekaa sebuleni huenda asitambue, au akahisi joto limepanda nyuzi moja au mbili. Mwenye nyumba anapunguziwa kitu katika bili yake. Siku hizi kazi ya kiboksi inafanywa na themostati ya ukutani yenye intaneti. Hii ya sasa ina akili zaidi: kabla ya wakati mgumu inaweza kuipoza nyumba kupita kawaida, ili AC ikipumzika baadaye ubaridi uwe bado umo ndani.

Fungua sasa ule mlango mdogo wa stoo. Humo limesimama tangi la kuchemshia maji. Kama ni la umeme, hita yake hula wati kama 4,500. Taa moja ya kisasa ya LED hula wati kama 9. Maana yake tangi hilo likifanya kazi ni sawa na kuwasha taa 500 kwa mpigo. Na maji yaliyokwisha kuchemka hukaa na moto wake kwa saa nyingi, kwa hiyo ukilizima tangi kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa mbili usiku bado utaoga maji ya moto. Sasa piga hesabu: matangi 10,000 yanayochemsha kwa wakati mmoja ni megawati 45. Bila shaka hayachemshi yote kwa dakika moja, lakini hata theluthi yake tu ni megawati 15, na tumezipata bila kumwaga zege wala kununua kiwanja.

Hapa kuna kitu tunachokifahamu sana. Msiba ukitokea katika jamii yetu, hakuna mtu mmoja anayebeba gharama ya kusafirisha mwili hadi Uvira au Kigoma. Orodha inapita katika kundi la WhatsApp, huyu dola ishirini, yule hamsini, na kabla ya Jumapili fedha zimetimia. Kampuni inayoziunganisha themostati, matangi, betri na magari ya umeme ya maelfu ya watu na kuyaongoza kama mtambo mmoja inafanya mchango wa namna hiyo hiyo. Wizara ya Nishati ya Marekani, katika ripoti yake ya Septemba 2023, ilikadiria kwamba mitambo ya aina hii isiyo na jengo tayari ina uwezo wa gigawati 30 hadi 60 nchini humu, na kwamba nchi inahitaji kufikia gigawati 80 hadi 160 ifikapo mwaka 2030.

Turudi kwenye yale magonjwa matatu. Kwa Louisville, umeme ukipungua kwenye chanzo, dawa hii inafanya kazi vizuri. Kila megawati ambayo nyumba zimeiachia kwa hiari ni megawati ambayo haitakatwa kwa nguvu mtaani. Isingeliziba pengo lote la tarehe 23 Desemba, lakini ingelifupisha orodha ya waliokatiwa.

Kwa Columbus, dawa inafanya kazi kwa sharti moja: ipatikane mahali penyewe. Laini inayoelekea mtaa fulani ikizidiwa, kupunguza matumizi mji mwingine hakuisaidii chochote. Nyumba za mtaa ule ule ndizo zinazotakiwa kupunguza. Sikilizeni vizuri hapo, kwa sababu ndipo ilipo hoja ya haki. Mitaa yenye laini dhaifu mara nyingi ndiyo mitaa yenye watu wa kipato kidogo, ndiyo tunamoishi wengi wetu. Kama mipango hii inaishia kwa wenye nyumba kubwa za pembezoni mwa jiji, basi siku ya joto kali watu wa pembezoni watalipwa kwa kupunguza kidogo, na sisi wa katikati tutazimiwa kabisa bila malipo.

Kwa Buffalo, nguzo ikianguka, themostati haikusaidii kitu. Kinachosaidia ni betri iliyomo ndani ya nyumba, au ndani ya jengo la jamii mnaloweza kukimbilia mkapate joto na kuchaji simu. Upande wa Magharibi wa Buffalo, shirika la PUSH Buffalo liliigeuza Shule namba 77, iliyokuwa imefungwa, kuwa nyumba za bei nafuu na ofisi za jamii, na juu ya paa likafunga paneli za sola ambazo faida yake inawaendea watu wa kipato cha chini. Ni mfano mzuri wa kuangalia. Miji yetu yote mitatu inahitaji makanisa, misikiti na kumbi za jamii zenye sola na betri. Siku za kawaida betri hizo zinaisaidia gridi na kulipwa. Siku ya balaa zinatuokoa sisi.

Nikiwa hapo kwenye balaa, niseme jambo moja la uhai. Barafu ya Januari 2009 iliwakatia umeme zaidi ya wateja 700,000 katika jimbo la Kentucky, na miongoni mwa waliokufa wapo waliouawa na hewa ya kaboni monoksaidi ndani ya nyumba zao. Umeme ukikatika usiwashe jiko la mkaa ndani. Usiwashe jenereta ndani wala gereji. Nyumba za huku zimezibwa zisipitishe baridi, kwa hiyo hazipitishi hewa kama nyumba zetu za bati. Kaboni monoksaidi haina harufu, na mtu hulala asiamke.

Wengine mtaniuliza: huku kupunguza umeme kuna tofauti gani na mgao tuliouzoea? Sisi tuliotoka Dar es Salaam tunaujua mgao, na ndugu wa Goma na Bujumbura wanaijua delestaji. Tofauti ni kubwa. Katika mgao unanyimwa: hujaulizwa, hujui saa, chakula kinaharibika kwenye friji na hakuna wa kukulipa. Katika mpango huu umekubali mwenyewe, unapunguza kitu kimoja tu huku taa na friji vikiendelea, unaweza kukataa siku ambayo una mgonjwa au wageni, na unalipwa. Mpango wowote usiokupa haki ya kukataa na usiokulipa ni mgao uliovalishwa suti. Usiupokee.

Wala wazo hili si la Wamarekani peke yao. Desemba 2017 Kenya ilianza kuviuzia viwanda umeme kwa nusu bei usiku, ili vihamishie kazi saa ambazo wengine wamelala na mvuke wa ardhini wa mitambo ya Olkaria ungepotea bure. Tanzania, Uganda na Kongo zina sababu zote za kulifikiria kwa makini, maana huko kila megawati ni ya thamani zaidi.

Upande wa sheria, mlango umeshafunguliwa, ingawa si sawa kwa kila mji. Januari 2016 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba anayepunguza matumizi anaweza kulipwa katika soko la jumla la umeme kama anayezalisha. Septemba 2020 tume ya serikali kuu inayosimamia nishati ikatoa amri namba 2222, inayowaruhusu wenye vifaa vidogo vya majumbani kujiunga pamoja na kuingia katika soko hilo. Jimbo la New York, na Buffalo ndani yake, lilianza Aprili 2024. PJM, kinachoongoza gridi ya Columbus, kimesogeza sehemu kubwa ya utekelezaji hadi mwaka 2028. Louisville imo nje kabisa, kwa kuwa LG&E na KU zilijitoa katika soko la pamoja mwaka 2006. Huko kila kitu kinategemea kampuni yenyewe na tume ya huduma za umma ya Kentucky. Ohio nayo ilijirudisha nyuma yenyewe. Mwaka 2019 bunge la jimbo lilipitisha sheria iliyojulikana kama House Bill 6, ikafuta malengo yaliyozilazimu kampuni za umeme kuwasaidia wateja kupunguza matumizi. Baadaye ikabainika mahakamani kwamba sheria hiyo ilipita kwa rushwa, na spika wa bunge wa wakati ule, Larry Householder, akahukumiwa kifungo cha miaka 20 mwezi Juni 2023. Rushwa ya wakubwa ilifika hadi kwenye bili ya mama anayelea watoto Columbus.

Na bili zinapanda. Kila mwaka PJM hufanya mnada wa kulipia mitambo iwe tayari kwa siku ngumu. Kwa mwaka ulioishia Mei 2025 bei ilikuwa dola 28.92 kwa megawati moja kwa siku. Kwa mwaka uliofuata ikaruka hadi dola 269.92. Sababu mojawapo kubwa ni vituo vya data, yale majengo makubwa yasiyo na madirisha mnayoyaona New Albany, nje kidogo ya Columbus, ya kampuni kama Google, Meta na Amazon. Mwezi Julai 2025 tume ya Ohio iliamua kwamba vituo vikubwa vipya vya aina hiyo vilipie angalau asilimia 85 ya umeme vilioomba hata kama havikuutumia, ili gharama ya kuwajengea wao isitushukie sisi. Ni uamuzi wa haki. Lakini wanaweza kufanya zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walionyesha Februari 2025 kwamba watumiaji wakubwa wapya wakikubali kupunguza hata robo ya asilimia moja tu ya matumizi yao ya mwaka, katika saa zile ngumu, gridi iliyopo inaweza kuwapokea kwa makumi ya gigawati bila kusubiri mitambo mipya. Kwa hiyo kabla ya kumwambia bibi wa ghorofa ya tatu apunguze AC, aambiwe kwanza mwenye jengo la kompyuta elfu kumi. Mkubwa aanze, na sisi tutafuata.

Tatizo ni kwamba kwa sasa hata wanaotaka kufuata wamefungiwa nje. Mipango mingi inadhani una nyumba yako, una AC ya nyumba nzima, una themostati ya kisasa na intaneti isiyokatika, na unasoma Kiingereza cha mikataba. Wengi wetu ni wapangaji. Tangi la maji ni la mwenye nyumba, kiyoyozi ni kile cha dirishani, na barua ya kampuni ya umeme inaishia kwenye droo kwa sababu mtoto anayetafsiri yuko shuleni. Matokeo yake, tunalipia mipango hii kupitia bili zetu kama kila mteja, na malipo yake yanawaendea wengine. Hilo si la kulinyamazia.

Basi nini cha kufanya? Kwanza, piga simu kampuni yako: LG&E kwa Louisville, AEP Ohio kwa Columbus, National Grid kwa Buffalo. Mwambie anayepokea unataka mkalimani wa Kiswahili, kisha uliza swali moja: mna mpango gani wa kumlipa mpangaji anayepunguza umeme saa ngumu? Uliza pia ni mara ngapi kwa mwaka watakupunguzia, kwa muda gani, na unajitoa vipi ukichoka. Kama nyumbani kuna mtu wa mashine ya oksijeni au dawa ya kuhifadhi kwenye friji, mwombe daktari cheti na uiarifu kampuni mapema, kabla ya dhoruba. Mtu huyo asiingizwe katika mpango wowote wa kupunguza.

Pili, jihadhari na wanaobisha hodi. Ohio na New York zinaruhusu kampuni nyingine kukuuzia umeme, na wapo mawakala wanaokuja mlangoni na tabasamu, wakisema wametumwa kukupunguzia bili. Akitaka kuona bili yako, anatafuta namba ya akaunti. Akiipata anaweza kukuhamisha bila wewe kujua, na bei ikapanda miezi michache baadaye. Usimwonyeshe bili. Usisaini usichokielewa. Mpango wa kweli haukukimbizi. Utakuwepo hata kesho, ukishamaliza kumuuliza mtu unayemwamini.

Tatu, tuzungumze kama jamii. Tume za huduma za umma za Kentucky, Ohio na New York hupokea maoni ya wananchi kila kampuni inapoomba kupandisha bei au kuanzisha mpango, na huhitaji kuwa raia ili uandike maoni. Wachungaji, maimamu, wenyeviti wa jumuiya za Wakongo, Wasomali, Warundi, Watanzania na Wakenya, hapa mnahitajika. Ofisi zinazotuhudumia, kama Kentucky Refugee Ministries ya Louisville, CRIS ya Columbus na Journey's End ya Buffalo, tuziombe mafunzo ya kusoma bili ya umeme yawekwe pamoja na yale ya kupanda basi na kufungua akaunti benki. Na tuzidai kampuni mambo matatu: fomu kwa Kiswahili, mipango inayowafikia wapangaji, na betri kwanza katika mitaa inayozimwa mara nyingi.

Ndugu msikilizaji, usiku wa leo kabla hujalala, itazame bili yako ya mwezi huu. Kesho piga ile simu. Ukijibiwa kwamba hakuna mpango wa mpangaji, omba jina la ofisa na uandike tarehe, kisha ulete taarifa hiyo kwenye mkutano wa jumuiya yako. Kampuni ikipata simu moja itaisahau, lakini zikiingia simu mia tano kutoka mtaa mmoja itabidi ijibu.